Jinsi ya Kuchagua Bechi ya Risasi za .22 Inayokubaliana na Bunduki Yako: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mlenga shabaha ananunua pakiti nne za risasi za .22 za majina tofauti na kupiga kundi moja moja la risasi tatu kwa kila pakiti. Kundi moja linatoka dogo ajabu, mashimo yote matatu yakigusana. Anarudi dukani mbio kununua katoni nzima. Wiki mbili baadaye risasi hizo hizo zinatawanyika karatasini, naye analaumu duka, upepo, darubini, hata kiwanda.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Risasi hazikuwahi kuwa nzuri kiasi kile. Zile tatu za kwanza ziliangukia karibu kwa bahati, na bahati haiuzwi kwa katoni.

Mwongozo huu ni wa bunduki za bolti, yaani zinazofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila risasi, za .22 Long Rifle zinazolenga karatasi umbali wa mita 50. Ninaposema kundi, nina maana ya mashimo yote yaliyopigwa kwa kulenga nukta moja bila kugusa marekebisho ya darubini. Ninaposema bechi, nina maana ya risasi zilizotoka kiwandani katika mkupuo mmoja na kupewa namba moja, iliyochapwa kwenye pakiti.

Wenye bunduki kubwa wana njia nyingine ya kutafuta usahihi. Hujaza maganda yao upya, wakibadili baruti na kichwa cha risasi hadi bunduki itulie. Wewe wa .22 huna njia hiyo. Kiwashio, yaani kemikali inayoiwasha baruti, kimetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ikishaubonda ukingo huo, ganda limekwisha kazi. Kilichobaki mikononi mwako ni kuchagua, na kuchagua kuna utaratibu wake.

## Kwanza, sheria

Jaribio hili linakula risasi nyingi, kwa hiyo angalia kibali chako kinasemaje kuhusu idadi unayoweza kununua na kuhifadhi. Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Walioko Marekani kwa viza ya muda, wanafunzi wakiwemo, wajue kwamba sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kuwa na bunduki na hata risasi, isipokuwa wakiwa ndani ya masharti maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usimwazime mtu risasi ukidhani ni jambo dogo.

Piga kwenye uwanja wa shabaha wenye msimamizi. Shambani kwa mjomba si mahali pa jaribio hili. Kichwa cha .22 kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja kikikosa ukingo wa udongo ulio nyuma ya shabaha.

## Utakavyohitaji

- Risasi za bechi nne, pakiti mbili za 50 kwa kila bechi. Hakikisha pakiti zote mbili zina namba ile ile.
- Kiegemeo cha mbele kilicho imara na mfuko mdogo wa mchanga wa kuweka chini ya kitako.
- Bisibisi au ufunguo unaofaa skrubu za bunduki yako, ikiwezekana spana inayopima mkazo.
- Ufito wa kusafishia usiokwaruza, kiongozi cha ufito, vitambaa, na dawa ya kusafishia mtutu.
- Karatasi za shabaha zenye nukta nyingi ndogo, na kalamu.
- Kalipa ya kupimia, ya kidijitali au vernia.
- Riboni tatu nne nyepesi na vijiti vya kuzifungia, kwa ajili ya upepo.
- Miwani ya kinga na vifunika masikio. Sauti ya .22 inaonekana ndogo, lakini masikio hayasahau.
- Daftari.

Kipima mwendokasi ni kizuri ukiwa nacho, lakini si lazima. Karatasi itakuambia karibu kila kitu.

## Hatua ya 1: Ondoa makosa ya bunduki kabla ya kuhukumu risasi

Toa risasi zote, fungua bolti, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ni tupu.

Kisha angalia skrubu zinazoshika mwili wa bunduki kwenye kitako. Zikaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha bunduki, na uandike kiwango hicho daftarini. Skrubu iliyolegea nusu mzunguko inaweza kukupa makundi mawili badala ya moja, moja juu na jingine chini, nawe ukadhani ni risasi. Angalia pia pete za darubini. Nyingi zinatosheka na mkazo wa takriban niutoni-mita 2 kwa skrubu za juu. Ukizidisha utaibana hadi ipate alama.

Sasa lile linalosahaulika: paralaksi. Darubini nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki kubwa zimepangwa kwa yadi 100. Ukiitumia kwa mita 50, alama ya kulengea inaonekana kuhama juu ya shabaha kila jicho linapohama. Kwa darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 40, jicho likiwa pembeni kabisa kosa linaweza kufikia milimita 9. Kundi zuri la .22 kwa mita 50 halifiki ukubwa wa kosa hilo mara mbili! Kama darubini yako ina gurudumu la kurekebisha paralaksi, weka bunduki kwenye mifuko, tikisa kichwa taratibu kushoto na kulia bila kuigusa, na zungusha gurudumu hadi alama iache kutembea. Usiziamini namba zilizochapwa juu ya gurudumu. Amini jicho lako. Kama haina gurudumu hilo, jifunze kuweka shavu mahali pale pale kila mara.

Onyo: usifyatue bunduki ya .22 ikiwa tupu ili kujaribu kifyatulio, mpaka kitabu chake kiruhusu. Kwenye bunduki nyingi pini itapiga ukingo wa chemba na kuutia kovu. Tumia risasi bandia.

Umefaulu ikiwa: alama ya darubini imetulia shabahani hata ukisogeza kichwa kidogo, na hakuna kinachotikisika ukigonga kitako kwa kiganja.

## Hatua ya 2: Safisha mara moja, kisha acha

Safisha mtutu ukianzia nyuma kwenda mbele, ufito ukipita ndani ya kiongozi chake. Kuingiza ufito kwa mdomo wa mtutu kunakwangua ukingo ule wa mwisho ambao kichwa cha risasi hugusa kabla ya kutoka, na ukingo huo ukilika upande mmoja hakuna bechi itakayoiokoa bunduki.

Shughulikia kwa makini eneo lililo mbele tu ya chemba. Masizi magumu hujikusanya hapo kama pete, na pete hiyo huharibu usahihi polepole bila kujitangaza. Kitambaa chenye dawa kikae hapo dakika kadhaa, kisha zungusha, toa, rudia hadi kitambaa kitoke karibu cheupe. Malizia na vitambaa vikavu viwili. Mafuta yaliyobaki ndani yatazipeleka risasi za kwanza popote yanapotaka.

Baada ya hapo usisafishe tena hadi jaribio liishe. Risasi za .22 hupakwa nta au grisi, na kila kiwanda kina mchanganyiko wake. Mtutu unatulia pale tu tabaka la mchanganyiko wa risasi unazopiga linapokwisha kujipaka ndani kuanzia chemba hadi mdomo. Mtutu mtupu haujatulia. Mtutu wenye nta ya kampuni nyingine nao haujatulia. Ndiyo maana kila ukibadili risasi utapiga kumi zisizohesabiwa.

## Hatua ya 3: Chagua bechi nne, si majina kumi na mawili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu hununua pakiti moja ya kila jina lililopo dukani, wakapiga risasi tano tano. Mwisho wa siku wana majina kumi na mawili na hawajui lolote kuhusu hata moja. Afadhali bechi nne upige kila moja risasi 40 zenye kuhesabiwa.

Chagua risasi za mwendo wa chini ya kasi ya sauti. Risasi za shindano zenye kichwa cha greni 40, yaani gramu 2.6 hivi, hutoka mtutuni kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Sauti kwenye nyuzi joto 15 husafiri kama mita 340. Risasi za kasi, zile za mita 380 hivi, huanza juu ya sauti kisha huvuka kushuka chini yake njiani, na katika kuvuka huko hutikiswa. Isitoshe, upepo wa pembeni huzisukuma zaidi kuliko zile za polepole. Wengi hubisha wakisikia hivyo, wakidhani kinachokwenda haraka hakipati muda wa kusukumwa. Kinachohesabika ni kasi ambayo risasi inapoteza njiani, na zile za kasi hupoteza nyingi zaidi kwa sababu hewa hukaba sana karibu na kasi ya sauti.

Kwa mpangilio wa bei, unaweza kuanza na CCI Standard Velocity au SK Standard Plus, halafu Lapua Center-X au Eley Match, na juu kabisa Eley Tenex, RWS R50 au Lapua Midas+. Lakini bei isikuongoze peke yake. Center-X na Midas+ hutoka kwenye mitambo ile ile na kutenganishwa baadaye kwa vipimo. Bechi ya Center-X inayokubaliana na mtutu wako itaishinda bechi ya Midas+ usiyoelewana nayo. Nimeona watu wakikataa ukweli huu kwa sababu tu wamekwisha lipia ile ya bei kubwa.

Pendekezo langu kwa anayeanza: aina mbili, bechi mbili za kila aina. Hapo utaona tofauti kati ya aina, na pia tofauti ndani ya aina moja, ambayo mara nyingi huwashangaza watu zaidi. Eley huchapa hata mwendokasi wa bechi kwenye pakiti. Uandike daftarini, utakufaa utakapotafuta bechi nyingine baadaye.

Kuhusu kupanga risasi kwa uzito au kupima unene wa ukingo wa kila ganda: kwa risasi za bei nafuu kunaweza kuondoa chache zilizo mbovu kabisa. Kwa risasi za shindano ni kazi ya jioni nzima yenye faida ndogo mno. Tumia muda huo kusoma upepo.

## Hatua ya 4: Andaa karatasi na meza

Pigilia karatasi yenye angalau nukta nane kwa kila bechi. Andika jina na namba ya bechi kwenye karatasi kabla ya kupiga. Baada ya saa mbili uwanjani karatasi zote zinafanana.

Rekebisha darubini ili risasi ziangukie sentimita mbili au tatu chini ya nukta unayolenga. Ukiipiga nukta yenyewe, risasi ya tatu utakuwa unalenga shimo lililochanika, na jicho litayumba. Ukishaweka, usiguse tena marekebisho ya darubini hadi mwisho. Bechi tofauti zitaangukia mahali tofauti. Hilo si kosa, na mahali hapo penyewe ni habari ya kuandika.

Kiegemeo cha mbele kiguse sehemu ya mbele ya kitako mahali pale pale kila mara. Weka alama kwa kipande cha utepe. Mtutu wenyewe usiegemee kitu.

Simika riboni kati yako na shabaha: moja karibu na meza, moja katikati, moja mbali. Kwa mita 50, kila mita 1 kwa sekunde ya upepo wa pembeni huisogeza risasi ya polepole kama milimita 5. Upepo ambao hausikii hata shavuni unaweza kulipanua kundi lako kwa theluthi. Hutahitaji kuufidia. Unachohitaji ni kusubiri. Chagua hali moja inayojirudia mara kwa mara, riboni zikilala hivi, na upige ndani ya hali hiyo pekee.

Kwa msomaji aliye Minneapolis au Oslo: usifanye jaribio hili kwenye baridi kali kama utashindana kiangazi. Nta hukakamaa, na kwenye nyuzi 0 kasi ya sauti hushuka hadi mita 331 kwa sekunde, kwa hiyo risasi uliyoiita ya polepole inakuwa imekaa ukingoni kabisa. Bechi iliyoshinda Februari huweza kushindwa Julai.

## Hatua ya 5: Piga kwa kwenda na kurudi

Tuziite bechi A, B, C na D. Zipige kwa mpangilio huu: A, B, C, D, kisha D, C, B, A.

Katika kila zamu, anza na risasi 10 zisizohesabiwa kwenye ukingo wa udongo au kona ya karatasi, ili nta mpya ijipake. Kisha piga makundi manne ya risasi tano. Bechi moja inapata zamu mbili, kwa hiyo makundi manane, risasi 40 zilizohesabiwa na 20 za kupakia nta. Jumla ya siku ni risasi 240.

Kwa nini kurudi nyuma? Kwa sababu siku haisimami. Asubuhi kumetulia, saa tano upepo unaanza, saa sita mgongo unauma na jicho limechoka. Ukipiga A yote asubuhi na D yote mchana, utampa ushindi A kwa kazi iliyofanywa na asubuhi. Kwa mpangilio wa kwenda na kurudi, kila bechi inapata sehemu yake ya wakati mzuri na ya wakati mbaya.

Ukiwa na mwenzako, fanya hata zaidi: mwombe akupangie risasi kwenye vibao vyenye rangi, yeye peke yake akijua rangi ipi ni bechi ipi. Mtu anayejua kwamba ameshika Tenex huvuta kifyatulio kwa adabu zaidi. Sisemi hivyo kwa mzaha.

Usikae ukipiga kwa zaidi ya dakika 20 bila kupumzika. Kila risasi unayojua umeivuta vibaya, iseme kwa sauti kabla hujatazama kwenye darubini, uandike, na upige nyingine badala yake. Ukishaona shimo, umechelewa. Haikubaliki kuiita mbaya kwa sababu imeangukia mbali.

Maonyo mawili ya usalama. Ukivuta na risasi isilie, shikilia bunduki imeelekea shabahani kwa sekunde 30 kabla ya kufungua bolti, kwa sababu kiwashio kinaweza kuchelewa. Ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, au usione shimo jipya, simama papo hapo. Toa risasi zote, fungua bolti, na uhakikishe kwa kupitisha ufito kwamba hakuna kichwa kilichokwama ndani. Kupiga risasi nyingine juu ya kichwa kilichokwama kunaweza kupasua mtutu.

## Hatua ya 6: Pima, na usidanganywe na kundi dogo

Pima kila kundi kuanzia ukingo wa nje wa shimo moja hadi ukingo wa nje wa shimo lililo mbali nalo zaidi. Kisha ondoa upana wa shimo moja. Watu hutoa milimita 5.6 kwa sababu ndiyo unene wa kichwa cha risasi, lakini karatasi hujifunga kidogo baada ya kutobolewa. Pima shimo la risasi moja iliyo peke yake kwenye karatasi hiyo hiyo na utumie kipimo hicho.

Sasa wastani. Jumlisha makundi yote manane ya bechi na ugawe kwa nane. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa milimita:

Bechi A: 11, 17, 14, 19, 12, 15, 13, 18. Wastani 14.9.

Bechi B: 8, 27, 16, 23, 18, 29, 13, 25. Wastani 19.9.

Kundi dogo kuliko yote siku hiyo ni la B, milimita 8. Hilo ndilo litakalopigwa picha na kutumwa kwa marafiki. Na aliyepiga kundi moja tu la kila bechi angerudi nyumbani na katoni ya B, akiwa na furaha kubwa, wakati A ni bora kwa robo nzima.

Ukitaka kujua kwa nini mambo huwa hivi, angalia hesabu. Bunduki moja na bechi moja, bila kubadilika chochote, zikikupa makundi ya risasi tatu yenye wastani wa milimita 12, makundi ya risasi tano yatakuwa na wastani wa kama 15, na ya risasi kumi kama 19. Kwa hiyo kwanza kabisa, usilinganishe kundi lako la tano na kundi la tatu la mwenzako. Pili, hayo makundi ya tano yenye wastani wa 15 hayatakuwa 15 kila mara. Moja likitoka 9 na linalofuata 20, hakuna kilichotokea. Ni kawaida yake.

Kutokana na hilo kuna kanuni moja ninayoishika: kwa makundi manane kwa manane, tofauti ya wastani iliyo chini ya robo siiamini. Bechi yenye 14.9 na yenye 16 ziko sawa hadi zithibitishwe vinginevyo, na hapo nunua iliyo rahisi au inayopatikana kwa wingi.

Umefaulu ikiwa: una namba nne za wastani, umeziandika pamoja na kundi kubwa kuliko yote la kila bechi, na unaweza kusema bila kusita ipi imetupwa nje. Kumjua mshindi siku ya kwanza ni ziada. Kujua wa kumtupa kunatosha.

Bunduki nzuri ya kawaida ya .22 ikiwa na bechi inayoielewa huweza kuwa na wastani wa milimita 12 hadi 18 kwa makundi ya tano. Kwa kulinganisha, duara la alama 10 la shindano la kimataifa la mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi inayogusa tu mstari wake huhesabiwa kumi.

## Hatua ya 7: Soma umbo la makundi

Wastani hausemi yote. Tandaza karatasi mezani uzitazame zote kwa pamoja.

Makundi yaliyorefuka juu na chini mara nyingi yanatokana na mwendokasi usio sawa. Risasi inayotoka kwa mita 330 kwa sekunde hushuka kama milimita 125 katika safari ya mita 50. Ikipungua kasi kwa asilimia 1 tu, inaanguka chini zaidi kwa milimita 2.5 hivi. Kwa mita 100 tofauti hiyo hiyo inakuwa karibu sentimita 1. Kwa hiyo anayetaka kupiga mbali aogope urefu wa wima kuliko kitu kingine chochote. Lakini kabla hujaihukumu bechi, angalia kama wima imetokea kwenye bechi zote nne. Ikiwa ndivyo, tatizo liko kwenye mfuko wa nyuma au kwenye pumzi yako.

Yaliyotanuka kushoto na kulia, lawama ya kwanza ni upepo, ya pili ni kidole kinachosukuma kifyatulio pembeni.

Makundi mawili ndani ya kundi moja, yenye nafasi katikati, yanakurudisha Hatua ya 1. Kuna kitu kinachohama: skrubu, pete, au darubini yenyewe ndani.

Na kuna lile umbo linalokera kuliko yote: risasi nne zimeshikana, moja imetoroka. Ikitokea mara moja kati ya makundi manane, sahau. Ikitokea kwenye matatu au manne ya bechi moja, na bechi nyingine hazina tabia hiyo, bechi hiyo ina risasi mbovu zilizochanganyika na nzuri. Kwa mashindano ninaiacha hata kama wastani wake unavutia. Kwa mazoezi haina ubaya.

## Hatua ya 8: Thibitisha siku nyingine, kisha nunua

Bado una risasi 40 za kila bechi. Chukua mbili zilizoongoza, rudi uwanjani siku nyingine, zipige kwa utaratibu ule ule, zamu mbili kila moja, lakini safari hii makundi matatu ya tano kwa zamu, na tano tu za kupakia nta. Ukiunganisha makundi yote 14 ya siku mbili, namba yako ina uzito.

Mshindi wa siku ya kwanza karibu kila mara atarudi na wastani mkubwa kidogo. Usishtuke, alishinda kwa uwezo wake na kwa bahati kidogo, na bahati haikumfuata. Ikiwa amebaki mbele ya mwenzake, nunua.

Nunua haraka na nunua ya kukutosha, ndani ya kibali chako, kwa namba ile ile ya bechi. Piga simu dukani usome namba yote, tarakimu kwa tarakimu, na uombe waisome wao pia kutoka kwenye pakiti. Jina lile lile lenye namba nyingine ni risasi nyingine. Bechi ikiisha nchini, imekwisha.

Walioko Ulaya au Marekani wana njia ya mkato ya kulipia. Lapua ina vituo vya majaribio Schönebeck, Ujerumani, na Mesa, Arizona. Eley ina cha kwake Birmingham, Uingereza. Unapeleka bunduki, wanaifunga kwenye kishikio kisichotikisika ndani ya handaki lisilo na upepo, wanapiga bechi nyingi mfululizo, nawe unanunua iliyoshinda pale pale. Weka miadi mapema, na uliza taratibu za kusafiri na silaha kabla hujatoka nyumbani.

## Kutunza ulichonunua

Weka risasi kwenye pakiti zake, ndani ya sanduku lenye kufuli, mahali pakavu na pasipo na joto kali. Buti ya gari juani itaiyeyusha nta, itateleza upande mmoja wa kichwa, na bechi uliyoitafuta wiki nzima itageuka nyingine. Kwa wakazi wa pwani, Mombasa au Tanga, tia vifuko vya kufyonza unyevu ndani ya sanduku na uvibadili.

Kichwa cha .22 ni madini ya risasi, na kiwashio chake nacho kwa kawaida kina madini hayo. Osha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, badili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na usifagie maganda kwa ufagio mkavu ndani ya chumba.

Bakiza pakiti mbili za bechi yako bila kuzigusa. Siku makundi yatakapopanuka bila sababu, safisha pete ya masizi, kaza skrubu kwa kiwango kilichoko daftarini, kisha piga makundi manane kwa kutumia pakiti hizo. Yakirudi kwenye wastani wa zamani, tatizo lilikuwa uchafu, skrubu, au risasi ulizokuwa ukitumia. Yasiporudi, tafuta kasoro kwenye darubini na mdomo wa mtutu kabla ya kununua risasi nyingine.